Kifundo cha Mlima Kipara

Punda wa nyuma ndiye aliyeanza. Alikanyaga bamba la chokaa lililolegea, bamba likateleza juu ya changarawe, naye akakaa kitako kama mlevi kisha akaenda chini. Angekuwa peke yake, hasara ingekuwa punda mmoja. Lakini alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye tandiko la mwenzake wa mbele, na huyo wa mbele hatamu yake ilikuwa mkononi mwa Evodio, ambaye hakuwa na akili ya kuiachia. Wote watatu wakaporomoka korongoni, pamoja na madumu yote ya maji.

Eduviges, aliyekuwa ametangulia, aligeuka akaona vumbi jeupe tu. Hakupiga kelele. Alitema mate, kisha akajuta, maana huko juu hata mate ni akiba.

Alishuka kwa matako, akishika mawe yasiyoshikika. Chini alimkuta mkwewe amelala chali, mguu wa kushoto umepinda mahali pasipo na goti. Punda mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa anakoroma.

"Maji?" Eduviges aliuliza.

"Mguu, mama. Mguu wangu."

"Mguu nimeuona. Nauliza maji."

Madumu yalikuwa yamepasuka. Moja tu lilibaki na kiasi cha kikombe kwenye pembe yake. Maji mengine yalikuwa yamemwagika ardhini, na ardhi haikuonyesha hata alama ya unyevu. Eduviges aliiangalia kwa chuki. Ule haukuwa udongo, ulikuwa aibu ya udongo: shibiri moja ya vumbi na kokoto, kisha mwamba wa chokaa hadi kuzimu. Mvua ikinyesha, mwamba unainywa na kunyamaza. Huwezi kuchimba kisima, huwezi kuchimba hata kaburi, na waliofia Kipara walifunikwa mawe tu ili mbwa mwitu wasiwafikie. Kilichoota hapo ni mikonge mifupi ya kuchoma miundi, mpungate uliosinyaa, na kandeliya, vijiti vya kijivu visivyo na majani, vinavyojipaka nta ili jua lisivimalize. Kwa nta hiyo watu wa kwao waliishi. Waliing'oa kandeliya milimani, wakaichemsha bondeni, wakauza nta kwa matajiri wasiojua inatoka wapi. Mlima uliwalisha kwa kuwabeza, nao waliubeza huku wakila.

Evodio hakuwa mtu wa huko. Alitoka tambarare za pamba, kwenye mifereji, ambako mbegu ikikuponyoka tu inaota. Alipokuja kumwoa Oralia, binti wa Eduviges, alipanda mahindi nyuma ya nyumba. Yaliota mashina matatu, mbuzi akala mawili. Tangu siku hiyo Eduviges alimwita Bwana Shamba, na kijiji kizima kikafuata.

Sasa Bwana Shamba alikuwa anakwangua ardhi kwa kisu, pale pale alipolala.

"Unafanya nini?"

"Korongo hili hupitisha maji. Chini lazima pana unyevu."

"Chimba. Ukifika kuzimu nisalimie marehemu mume wangu."

Kisu kiligonga mwamba. Evodio akajaribu pembeni, kikagonga tena. Ndipo akakitupa, akaanza kulia bila sauti. Eduviges alikata mashina makavu ya mkonge, akayapanga ubavuni mwa mguu, akavua mshipi wake mwenyewe na kumwambia aung'ate akitaka. Akavuta mguu. Evodio alizimia, jambo lililorahisisha kazi.

Alikata kipande cha ile kamba ya punda ili afungie mashina. Kifundo chake kwenye tandiko kilikuwa bado kimekaza.

Watu wa Kipara hawafungi punda kwa punda. Ardhi ile inateleza, na anayeanguka aanguke na bahati yake. Evodio alikuwa amewafunga kama walivyofunga kwao, na Eduviges alikiona kifundo hicho alfajiri, walipokuwa wanapakia. Akanyamaza. Alitaka punda ateleze kidogo mahali pa chini, Bwana Shamba achafue suruali, yeye apate cha kuchekesha watu jioni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lilikuwa limevunjika kweli, lakini mkuu hakuwa amesema neno.

Alimburuta hadi chini ya mwamba uliotoa kivuli. Walikunywa kile kikombe kwa kulowesha midomo. Usiku ulikuwa wa baridi, na asubuhi jua lilitoka kali toka mwanzo. Alichuna mpungate akautafuna na kumpa. Ulikuwa mchungu na mkavu kama ngozi. Midomo ya Evodio ilipasuka. Mguu ulivimba hadi kamba ikazama kwenye nyama.

"Nenda, mama," alisema. "Shuka kambini. Utarudi nao."

"Kushuka ni kutwa, kupanda ni kutwa. Nitarudi na nani, na padri?"

"Basi nenda tu."

Kambini kwenye masufuria ya kuchemshia nta hakuna aliyewatazamia kabla ya siku kadhaa. Wao wawili walikuja kuteremsha mzigo uliokuwa juu begani mwa mlima, matita ya kandeliya waliyoyang'oa msimu mzima, yamerundikwa kimo cha nyumba. Huo ulikuwa mzigo wa kununulia tangi la maji. Oralia alikuwa mjamzito, na Eduviges alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake hatakua akimwona mama yake anachota maji kwa ndoo mbali, kama yeye alivyochota tangu akiwa msichana hadi mgongo ukapinda.

Alipapasa mfukoni. Kiberiti kilikuwepo.

Evodio aliona. "Mama, hapana. Lile ni tangi la Oralia."

"Oralia ana ndoo."

"Mimi si wa kuchomewa tangi. Wewe mwenyewe husema mimi si chochote."

"Husema, na bado nasema. Nyamaza, unamaliza mate."

Alipanda kwa magoti na viganja. Mikonge ilimchoma miundi, naye akaitukana mmoja mmoja, na mama zao. Juu, lile rundo lilikuwa limesimama, la kijivu na zuri. Watu wa nta huchoma makapi tu, yaliyokwisha kuchemshwa, na moshi wake ni mwepesi. Kandeliya mbichi yenye nta hakuna aliyewahi kuichoma. Hata mwendawazimu hachomi mkate wake. Eduviges aliwasha njiti. Moto ulipanda kwa mlio, na moshi mweusi mzito ukasimama angani, mnene wa mafuta. Alikaa akautazama moto ukila msimu wake mpaka macho yakamwasha. Kisha akashuka.

"Umechoma lote?" Evodio aliuliza.

"Lote."

"Nisamehe, mama. Kile kifundo..."

"Nilikiona."

Evodio aligeuza kichwa taratibu.

"Alfajiri," Eduviges alisema. "Nilikiona nikanyamaza. Nilitaka kucheka."

Nzi walikuwa wamewafikia punda.

"Wewe ni mtu mbaya, mama."

"Najua. Sogea, jua linakufikia."

Nazario wa kambini na vijana wawili walifika kabla jua halijazama siku iliyofuata, wakiwa na nyumbu wa mizigo na maji. Waliuona moshi kutoka kwenye masufuria, na Nazario hakungoja kuuliza. Moshi wa rangi ile ulikuwa na maana moja tu. Waliwanywesha kidogo kidogo, wakatengeneza machela. Ndipo Nazario alipowaona punda, na kipande cha kamba kilichobaki kati ya matandiko yao.

"Mjinga gani amefunga punda kwa punda Kipara?" alisema, na tayari alikuwa anamtazama Evodio, na vijana tayari walikuwa wanacheka. Evodio alifungua mdomo.

"Mimi," Eduviges alisema.

"Wewe?"

"Umekuwa kiziwi? Mimi. Beba machela."

Kicheko kilikatika, lakini kwa muda tu. Bondeni kiliendelea miaka. Mwanamke aliyekibeza kijiji kizima aliitwa Mama Kifundo na wote, hata na watoto wasiojua kufunga viatu, naye aliitika. Tangi halikununuliwa. Evodio alichechemea, na alichota maji yeye mwenyewe, ndoo mbili kila mara, ili Oralia asichote.

Na kila alfajiri ya kupanda mlima, akishapakia, hakuondoka. Alisimama kando ya punda wake na kuita:

"Mama! Njoo utazame kamba."

Eduviges alitoka na shali yake, akazunguka punda, akapapasa kila kifundo kwa vidole vyake vilivyokauka.

"Takataka," alisema. "Fungua. Funga upya, Bwana Shamba. Nasimama hapa hapa."