Adhabu ya Kufuta Oda

Ndege-tarishi ilishuka wima mbele ya dirisha la duka, ikafungua tumbo na kunyoosha mkono mwembamba wa chuma hadi kwenye kaunta. Haikuwa na rubani. Ilisubiri mzigo huku ikilialia angani, na Sekela, mwenye duka hilo la vifaa vya tiba, aliuchukia mlio ule kuliko sauti yoyote duniani, kwa sababu ulikuwa mlio wa kuharakishwa.

Mashine hizo zilikuwa zimeibadili Mbeya. Mtu wa Iwambi aliyeagiza kitu kutoka Mwanjelwa alikipata kabla chai yake haijapoa. Aliyezituma ni Mpimaji, akili bandia iliyosimamia soko zima la mtandaoni. Mpimaji alisoma rafu-hisi, zile rafu zilizotambua bidhaa kwa uzito wake, akawaambia wanunuzi kipi kipo na kipi kimekwisha. Majina na namba za simu za wanunuzi alizificha. Na jambo moja hakulisamehe: muuzaji kupokea oda kisha kuifuta kwa kukosa bidhaa. Duka lililorudia kosa hilo lilitiwa gizani. Mlango ulibaki wazi na bidhaa zikabaki ndani, lakini kwa mwaka mzima hakuna mnunuzi aliyeliona kwenye simu yake.

Sekela aliwahi kufuta oda moja, wakati wa mafuriko. Hakuwa na nafasi nyingine.

Asubuhi hiyo mtu aliagiza vali ya mashine ya kupumulia. Rafu ilisema ipo. Sekela alipofungua boksi alikuta vali yenye ufa, ile ambayo mteja mmoja aliirudisha na Ambwene, mdogo wake, akaipachika rafuni bila kufikiri. Rafu ilijua uzito tu. Ufa haukuwa na uzito.

"Ambwene, hii imepasuka. Nyingine hatuna."

"Tia gundi, dada, uifunge."

"Ikivuja je?"

"Watairudisha. Bidhaa mbovu ikirudi tunapoteza alama chache tu. Tukifuta, tumekwisha. Mpimaji ndiye aliyepanga hivyo, si mimi." Ambwene aliitazama ndege iliyokuwa ikilia dirishani. "Unadhani wenzetu wote hapa wanaishije?"

Mkono wa chuma uligonga kaunta. Sekela alipaka gundi, akafuta kwa kidole iliyozidi, akafunga boksi na kuliachia. Ndege ikapaa. Hapo ndipo anwani na maelekezo ya kushusha mzigo yalipojitokeza kwenye skrini, kama ilivyokuwa kila mara baada ya mzigo kuondoka: *Ndege itue taratibu. Mgonjwa amelala.*

Aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akatafuta kitufe cha kurudisha mzigo, akijua kabisa kwamba hakipo.

"Dada, unakwenda wapi?"

Sekela aliingia kwenye gari la kwanza lililokuwa tupu, gari lisilo na dereva, akalisomea anwani ya Iwambi.

"Ongeza mwendo," aliliambia.

"Tunakwenda kwa mwendo unaoruhusiwa," gari likajibu kwa upole. "Tafadhali tulia."

Kwenye simu, nukta ya ndege ilikuwa imeshapita Mafiati. Gari lilisimama kumpisha mbuzi. Likasimama tena kwenye taa, barabara ikiwa tupu pande zote. Sekela alijikuta akiusukuma mlango kwa goti, kana kwamba hilo lingesaidia.

Alifika akihema. Mzee mmoja mwembamba alikuwa barazani, boksi mkononi, akihangaika na utepe wake.

"Shikamoo, baba. Usiifunge kwenye mashine hiyo vali! Mimi ndiye niliyeiuza. Ina ufa, nimeuziba kwa gundi."

Mzee hakuitikia salamu. Aliitazama vali, akamtazama yeye.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema huna? Ungesema huna, ningetafuta kwingine saa ile ile. Mimi nimekaa hapa nakusubiri wewe."

Kutoka ndani kukasikika mkoromo, kisha mashine ikapiga king'ora. Wakakimbia wote wawili. Mke wa mzee, Bi Tumpe, alikuwa kitandani macho wazi, na vali yake ya zamani ilikuwa imekwama. Mzee alinyakua mfuko wa kupumulia wa mkono, akauunganisha na kuanza kuuminya.

Sekela alimpigia simu Gwamaka, muuza vifaa wa Uyole. Walikuwa wakigombania wateja wale wale na hawakupendana.

"Gwamaka, una vali nzima? Nzima kabisa, uliyoishika kwa mkono wako?"

"Ninayo. Kuna nini?"

"Mtu anakufa. Njoo nayo Iwambi mwenyewe, usiitume."

Vidole vya mzee vilipokufa ganzi, Sekela alipokea mfuko. Minya, achia. Bi Tumpe alimkazia macho, na Sekela hakuthubutu kuyakwepa. Simu ya Sekela ikaita mfukoni mwake. Mzee akaitoa na kumwekea sikioni. Alikuwa Mpimaji.

"Mpokeaji hajathibitisha mzigo. Muuzaji, eleza sababu."

"Sina bidhaa," alisema Sekela, mkono ukiendelea kuminya. "Nilituma mbovu kwa kujua. Futa oda."

"Duka lako litatiwa gizani."

"Futa."

Gwamaka aliingia akitoka jasho. Aliifunga vali bila kusalimia mtu, akaiwasha mashine. Kifua cha Bi Tumpe kikainuka chenyewe, kikashuka, kikainuka tena. Mzee alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda.

"Marahaba," alisema hatimaye, bila kugeuka. Baadaye kidogo akaongeza: "Umenitesa, binti. Lakini umekuja."

Nje, Gwamaka alisimama ameinamisha kichwa, akiizungusha simu yake kiganjani.

"Kweli umemwambia Mpimaji ulituma mbovu?"

"Nimemwambia. Sina duka tena."

Gwamaka aliacha kuizungusha simu. "Nina mzigo angani sasa hivi," akasema. "Betri ya kifaa cha moyo. Ni ya zamani. Nimeifuta vumbi na kubadili kibandiko."

Sekela akamgeukia. "Mzigo unakwenda kwa nani?"

"Sijui. Huwa sisomi maelekezo."

"Yasome."

Aliyafungua, akasoma kwa sauti: *Ndege ishushe mzigo mlangoni. Mgonjwa hawezi kutembea.* Uso wake ukabadilika. Walianza kukimbia kuelekea barabarani.