Programu ya Bure, Kazi ya Kulipia

Asubuhi hiyo Yustina alifungua kibanda chake cha kuchapa, Lindi mjini. Akafuta vumbi, akawasha kompyuta. Mitihani ya shule moja ya Milola ilikuwa tayari, bado kuitoa kwenye karatasi tu. Mwalimu angeifuata mchana. Akiikosa, kazi zote za shule zingehamia kwa mchapaji mwingine.

Akabonyeza. Kompyuta ikagoma. Kwenye kioo yakatokea maneno: muda wa majaribio umekwisha, nunua programu ya kuchapia.

"Andrea! Si ulisema yule kijana wa kampuni alituwekea kila kitu bure?"

Mumewe akakuna kichwa. "Bure kabisa, mama. Hata soda alininunulia."

"Basi kachape mitihani kwa soda yake!"

Jirani yao Benadetha, fundi wa kompyuta, alicheka mpaka akaegemea mlango. "Shemeji, alikupa bure programu endeshi, ile inayoiamsha kompyuta na kuiongoza. Hii ya kuchapia ni nyingine. Kampuni inakula hapo."

"Sasa ile ya kwanza wanaigawa ya nini?"

"Kwenu Rondo, si mligawiwa mabomba ya kupulizia mikorosho?"

"Tuligawiwa."

"Na dawa?"

Andrea akajibu: "Dawa tulibanwa tununue kwao hao hao tu."

"Umeona! Wengine wanagawa programu, wanauza mafunzo na matengenezo. Si wizi. Ila uliza mapema: kipi bure, kipi cha kulipia, na kwa muda gani?"

"Tununue tu," alisema Andrea. "Mwalimu yuko njiani."

"Hatununui." Yustina alivuta kiti. "Dada Bena, ipo nyingine isiyokwisha muda?"

"Ipo kwenye sidii yangu. Watu wameitengeneza kwa kushirikiana, wanaigawa. Ila haijakaa kama uliyoizoea. Utahangaika."

"Nihangaike. Wewe nielekeze tu, usiguse."

Yustina akaiingiza sidii, akaanza. Akakosea, akafuta, akakosea tena. Andrea alitaka kutania. Alipouona uso wa mkewe, akaumeza utani wake. Mwalimu alipofika, karatasi ya mwisho ilikuwa inatoka.

Wiki chache baadaye Maftaha, muuza vipuri, alileta kompyuta yake awekewe programu hiyo hiyo na kufundishwa. Kabla ya kuigusa, Yustina alimwambia: "Programu bure. Kufundishwa, unalipia."

"Alaa! Bure gani hiyo yenye bei?"

"Programu ichukue hata sasa, uende nayo. Unanilipa mimi, nikae nawe mpaka ujue."

Maftaha akaitazama sidii, akamtazama Yustina. Akakaa.

"Haya, mwalimu. Tuanze."