Ukuta Uliotobolewa

Shemeji aliponipigia simu kwamba anataka ukuta wa chumbani ufungwe papi, nilicheka kicheko kibaya.

Kazi hiyo naijua. Unafunga papi, zile mbao nyembamba ndefu, kwa mlalo, unaacha nafasi kati yake, halafu unaning'iniza rafu au kulabu popote unapotaka. Ukichoka nayo hapa, unaisukuma kule. Marehemu dada yangu aliiomba miaka nenda rudi. Jibu la mumewe lilikuwa lile lile, "Ukuta wangu hautobolewi." Basi maskini akawa anarundika kila kitu juu ya kabati, mpaka cherehani yake ya chuma. Siku moja kabati likamwangukia na cherehani juu yake. Ndivyo shemeji alivyotuambia.

Kabati lile nililitengeneza mimi. Lilikuwa na kitako kipana. Haliwezi kuanguka bila mtu kulisukuma.

Sasa anaoa mwingine, na bibi harusi anataka rafu. Nikasema sawa, nakuja. Nilitaka kuingia chumba kile nijue dada yangu alikufaje.

Nilifika jua likizama. Shemeji alinionyesha ukuta, akarudi sebuleni kwenye chai yake. Marehemu baba, aliyetufundisha useremala mimi na dada, alikuwa na utani wake: kabla ya kutoboa, gonga usikie palipo wazi, na upige hodi.

Nikagonga.

"Hodi."

Ko... Ko-ko.

Tulipokuwa wadogo tulilala vyumba jirani, na dada alinigongea hivyo hivyo ukutani. Maana yake: njoo.

Nilichungulia dirishani. Nyuma ya ukuta ni uchochoro tu, na haukuwa na mtu. Niliporudisha kichwa ndani, chumba kizima kilinuka mafuta yake ya nywele.

"Dada?" nilinong'ona.

Nikachukua drili.

Nilifunga papi, nikaning'iniza rafu karibu na dirisha, nikapandisha ile cherehani kama shemeji alivyoagiza. Skrubu ya kuizuia rafu isisogee nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Nikainama kukusanya vifaa.

Krrrr...

Nikageuka. Rafu ilikuwa inatembea.

Polepole. Na cherehani juu yake. Ikasimama juu ya kitanda, sawa na mto wa shemeji.

Shemeji aliingia na kikombe mkononi. Akaona. Chai ikamwagika miguuni na wala hakushtuka.

"Nani kaisogeza?"

"Si ulitaka inayosogea?"

"Irudishe, shem. Nakuomba."

Niliisukuma hadi dirishani. Tukaitazama wote wawili ikirudi. Krrrr... Ikasimama pale pale.

Shemeji akapiga magoti. "Mke wangu, nilikuwa na hasira tu," alinong'ona, na si mimi aliyekuwa akimwambia. "Nililisukuma kidogo. Kidogo tu..."

Haya. Nimesikia kwa masikio yangu. Wallahi, nilitamani kumvunjia nyundo kichwani. Lakini niliona mwenye haki yake yupo.

"Nitalala sebuleni," akasema.

Ukuta wa sebuleni ukajibu.

Ko... Ko-ko.

"Usiniache, shem!"

Nikabeba mkoba wangu. "Ukuta wako umeshatobolewa," nikamwambia. "Zungumzeni."

Nasikia siku hizi analala uani, katikati kabisa, mbali na kuta zote. Harusi imevunjika. Amekonda, na akisikia mtu anabisha mlango analia. Na bado! Nimefurahi, sifichi.

Ila kuna jambo moja silielewi. Kila jua likizama, kwenye ukuta wa chumba changu mwenyewe, nasikia.

Ko... Ko-ko.

Nimemwambia, dada, yamekwisha, pumzika. Haachi. Na mafuta yake yananukia hadi kwenye shuka zangu.

Jana nilizinduka nimesimama mbele ya ukuta ule, drili mkononi, tundu la kwanza limeshapita. Lilikuwa na upana wa kidole.

Na ndani yake, kidole.