Kipimaraha na Kicheko cha Sikudhani

Mteja alivaa glavu nyembamba yenye vihisio, akashika pedi ya kuchezea, akacheza dakika nne kwenye kila mashine ya gemu iliyokuwa mezani. Glavu ilisoma mapigo ya moyo, joto la vidole na namna anavyovuta pumzi. Kisha mshale kwenye kioo cha ukutani ulipanda au kushuka, kati ya sifuri na mia, ukaonyesha mashine inayomfaa. Hakukuwa tena na haja ya kuuliza marafiki, wala ya kununua kitu kikaishia kabatini. Chombo hicho kiliitwa kipimaraha, na mwaka ule kila duka la gemu jijini Dodoma lilikuwa nacho.

Aliyekiunda ni Rwegasira, mhandisi mpole aliyejifunza ufundi mwenyewe kwa kufungua vitu na kuvifunga. Siku hiyo hakuja kukagua chombo. Alimleta mkewe, Sikudhani, achaguliwe mashine. Walikuwa wamehama Kisarawe miezi minane nyuma kwa ajili ya kazi ya Rwegasira, na tangu hapo Sikudhani hakuwahi kucheka. Alipika, aliuliza habari za kazini, alishukuru akiletewa kitu. Kicheko ndicho kilichobaki Kisarawe, na Rwegasira aliamini kipimaraha kingekirudisha.

Mwenye duka, Maganga, jamaa mnene mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, aliwapokea, akamvisha Sikudhani glavu. Sikudhani alipomaliza mashine ya kwanza na kuanza ya pili, Maganga akashika pedi ya mwenzake.

"Mama katokea wapi?"

"Kisarawe. Mimi Mzaramo."

Maganga akajishika kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. "Mzaramo! Dukani kwangu! Sasa leo nitauza nini?"

"Ala, kumbe wewe Mnyamwezi," Sikudhani akasema, tayari ana glavu mkononi na pedi ya mashine ya pili. "Ndiyo maana hapa hakuna hata kiti. Mmezoea kusimama na mizigo kichwani."

"Tulibeba, ndiyo. Nyinyi mkakaa kando mnatupigia ngoma tukipita. Mpaka leo hamjamaliza."

"Tutamalizaje, na ngoma yenyewe mliondoka nayo?"

Hapo Sikudhani akacheka. Alicheka hadi akapiga meza kwa kiganja, machozi yakamtoka. Kwenye mashine ya kwanza, Pweke, iliyotengenezwa kwa mchezaji mmoja, mshale ulikuwa umefika thelathini na moja. Kwenye hii ya pili, Sambamba, ya wachezaji wawili, uliruka mpaka tisini na nne.

Rwegasira aliujua utani wa makabila haya mawili, uliotoka enzi za misafara ya wapagazi. Alijua kwamba watani hawa wangeweza kutukanana hata matangani, pasiwe na mtu wa kukunja uso. Hata hivyo aliikazia macho ile tisini na nne. Miezi minane alikuwa akileta zawadi nyumbani, na huyu bwana alifanikiwa kwa kutaja ngoma tu.

"Kipimo kimeharibika," alisema taratibu. "Kanuni ni kimya. Raha ya maneno imeingia kwenye hesabu ya mashine. Inabidi turudie."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimrahisishia kazi. Mtu yeyote anayejua vipimo angesema vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna ambaye angeuona wivu wake.

"Shemeji, umenuna?" Maganga akauliza.

"Sijanuna. Naomba utupishe dakika nane."

Maganga akatoka nje. Rwegasira akashika pedi ya pili mwenyewe. Mume na mke wakacheza Sambamba kimya, magari yao mawili yakifukuzana kwenye kioo. Mshale ukasimama kwenye ishirini na mbili. Wakarudia Pweke, Sikudhani akicheza peke yake. Thelathini na moja, kama mwanzo.

"Pweke ndiyo inayokufaa," Rwegasira akasema.

"Ahsante, mume wangu."

Akavua glavu na kuikunja vizuri. Sauti ilikuwa ileile aliyomshukuru nayo kwa viatu, kwa jokofu, kwa nyumba ya ghorofa ya kumi na tisa. Rwegasira akaitazama ile ishirini na mbili. Alikumbuka jinsi alivyokijaribu kipimaraha mwaka mzima, akiwa peke yake chumbani, akijipima mwenyewe. Kimya hicho kilikuwa chake. Alikiita kanuni, kisha akakisambaza kwenye maduka ya jiji zima.

"Wewe mwenyewe," akauliza, akitafuta maneno, "unataka ipi?"

Sikudhani akamgeukia. Alionekana kama anayehakikisha kwamba swali ni lake kweli.

"Sitaki mashine. Nataka kwenda Kisarawe mwezi mzima. Nikatukanwe."

Rwegasira akaziona nyuso za huko, mashangazi, majirani, watani wa kila kabila, wote wakimsubiri mke wake. Hakuwa tena na mtu mmoja wa kumwonea wivu. Ulikuwa mji mzima. Akairudisha Pweke rafuni, polepole, mpaka boksi lilipolingana na mengine.

"Na mimi nije?"

Sikudhani akamtazama kwa huruma, akimtengeneza ukosi wa shati.

"Njoo wiki ya mwisho," alisema. "Ukija mapema, watashindwa kucheka."