Simu Tisa Kibarazani

Kila Jumamosi Kimya alifagia mapema, akanawa uso, kisha akaketi mbele ya simu ya shangazi yake. Saa nne kamili mama angepiga. Mama alikuwa muuguzi nchi ya mbali, na kwa wiki nzima alipata nusu saa hiyo tu ya kumwona binti yake. Jina la Kimya alibandikwa na watoto wa mtaa alipohamia kwa shangazi, kwani hakufungua mdomo mpaka aongeleshwe.

Lakini Jumamosi tatu mfululizo uso wa mama uliganda mdomo ukiwa wazi, sauti ikakatika vipande vipande, simu ikajikata. Kimya alibaki akijitazama kwenye kioo cheusi.

Jumamosi ya nne, saa mbili asubuhi, shangazi alimwita fundi wa mtandao. Fundi aliingia na ngazi begani, akaiona ruta, kisanduku cha kurushia mtandao, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

"Mama, ruta nayo umeivika kilemba? Si itakosa hewa!"

"Vumbi, fundi," shangazi alijitetea.

"Haya. Mnatumia wangapi?"

"Wawili tu, mimi na mwanangu huyu. Au siyo?"

Kimya aliinamisha kichwa. "Wawili tu," alijibu.

Fundi alizima ruta, akaiwasha. Akabadilisha waya. Akapanda darini kukagua kebo, akashuka na utando wa buibui kwenye nywele. Mtandao uliendelea kujikokota.

"Waya ni wazima. Basi ruta yenyewe imechoka," alisema huku akiichomoa. "Naenda nayo. Nitairudisha baada ya wiki mbili."

Wiki mbili! Simu ya mama ya leo ingepotea, na inayofuata pia.

"Usiichukue, fundi. Mama atapiga saa nne." Sauti ilimtoka nyembamba. "Nimesema uongo. Neno la siri la mtandao niliwapa wale."

Alinyoosha kidole dirishani. Watoto tisa walikuwa wameketi kibarazani, migongo ukutani, kila mmoja akiitikisa simu yake.

"Kwa nini, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Walikuwa wanapita tu. Nilipowapa, wakaanza kukaa."

"Wanacheza na wewe?"

"Hapana. Ila wanakaa."

Shangazi alivuta kiti, akaketi taratibu. Fundi alirudisha ruta mahali pake, ikawaka, akatazama kwenye simu yake.

"Kumbe! Simu tisa za wageni, na karibu zote zinavuta video. Mama mtu atapenya wapi hapo? Binti, ulisema wawili nami nikakuamini. Ndiyo maana nimehangaika na buibui bure."

Alibadilisha neno la siri. Muda si mrefu nje wakaanza kulalamika.

"Oya, imekata!"

"Hata kwangu! Twendeni zetu."

Waliondoka. Hakuna aliyebisha hodi kumuulizia Kimya. Alisikiliza nyayo zao mpaka zikaisha.

"Fundi asipoambiwa ukweli hutengeneza kisicho kibovu," shangazi alisema, akimvuta Kimya karibu. "Hata mimi nimekosea. Nilidhani ukimya ni tabia yako, kumbe umeelemewa na upweke. Jambo likikuuma, mwanangu, liseme. Rafiki wa kununuliwa kwa neno la siri huondoka nalo."

Saa nne simu iliita. Mama alionekana vizuri, mpaka mikunjo ya uchovu chini ya macho.

"Hujambo, mwanangu! Huko wazima?"

Siku zote Kimya alijibu "wazima," yakaisha. Leo alisogeza uso karibu na simu.

"Mama, huku sina rafiki hata mmoja."

Picha haikuganda. Kimya aliona macho ya mama yakijaa machozi, na mkono wake ukisogea kwenye kioo kana kwamba ungeweza kumfikia.

"Umefanya vyema kuniambia," mama alisema. "Nisipojua, nitakusaidiaje? Haya, nieleze tangu mwanzo. Nakusikia."