Mtani wa Marehemu

SAA MBILI ASUBUHI

"Lala," Nasri aliamuru.

Anselm alijilaza ndani ya jeneza. Chumba cha nyuma cha karakana ya seremala kilinuka vumbi la mbao. Wenzake watatu walimwinamia: Nasri, kinara wao, aliyetoka mbali na Tabora, Nurdini, dereva, na Bernadeta, mchumba wake Anselm.

"Limekutosha, kaka," Nurdini alicheka. "Fundi cherehani gani huyo?"

Nasri hakucheka. Alieleza mpango kwa mara ya mwisho. Hifadhi ya sanaa na historia ilikuwa inafungua maonyesho ya njia ya misafara. Sanamu ya kale ya mtemi haikuwekwa ukumbini, kwa kuwa bado ilikuwa inachunguzwa. Bernadeta alikuwa ameingia pale kwa miezi miwili kama mtafiti, hata walinzi wakamwita dada msomi. Wageni watakapokuwa uani wakisikiliza hotuba, ataiomba sanamu chumbani mwa wasomaji, aipitishe dirishani. Polisi watapekua kila gari, lakini msiba hawataugusa. Wakishikilia, kuna kidirisha cha kuonyesha uso wa maiti, pamba puani.

"Na hewa?"

"Matundu hayo, ubavuni. Tukifika kijiji cha Ipole unafufuka." Nasri alimpiga begani. "Yesu alikaa mpaka siku ya tatu. Wewe saa mbili tu zinakutoa jasho?"

SAA TANO

Kazi ilikwenda kama maji mtaroni. Makofi yalirindima uani, dirisha likafunguka, sanamu ikatoka ndani ya kanga. Waliilaza kati ya miguu ya Anselm, nzito, baridi. Bernadeta, sasa akiigiza mjane, aliinama kumtengenezea sanda. Hakumtazama machoni.

"Vumilia," alinong'ona.

Kifuniko kilishuka. Skrubu zikalia, moja baada ya nyingine.

SAA SITA

Pikapu ilishika barabara ya Sikonge. Joto lilimlalia Anselm kifuani kama gunia la tumbaku. Alipapasa ubavuni kutafuta matundu. Kidole kiligusa kitu laini, chenye mafuta. Alikinusa.

Nta ya nyuki. Kila tundu lilikuwa limezibwa, na kuzibwa kwa nje; kucha zake zilikwangua bure.

Nasri na Bernadeta walikaa nyuma, mmoja kila upande wa jeneza. Sauti ya Nasri ilipenya ubao.

"Kaburi la Ipole limeshachimbwa. Umewahi kuona kaburi likifukiwa tupu? Akigonga, wewe lia."



Anselm alitaka kupiga kelele, akajizuia. Nani angemsikia humo njiani, ila aliyemfungia? Alibana pumzi yake kama bahili.

Ghafla gari lilisimama. Hazikusikika sauti za polisi. Kilisikika kicheko.

"Kuna mzee kalala katikati ya barabara!" Nurdini alipaza sauti.

"Mmembeba nani?" mzee aliuliza kutoka chini.

"Mnyamwezi mwenzetu, mzee. Tupishe."

"Mnyamwezi! Apite mbele ya Selemani, Mzaramo, bila ruhusa? Babu zake walileta mizigo pwani, wakamaliza ubwabwa wetu, wakaoa shangazi zetu. Zima gari!"

Huo ulikuwa utani wa tangu enzi za misafara, wasafiri wa bara na wenyeji wa pwani walipozikana. Mtani ana haki ya kuizuia maiti na kuitukana. Wafiwa hucheka, hubishana, humpa chochote. Nasri hakuyajua hayo. Bernadeta aliyajua: ndiyo aliyoyasoma hifadhini miezi miwili.

Pikapu iliyumba. Selemani alipanda, akaketi juu ya jeneza.

"Huyu aliniibia kuku! Amka ulipe, we mwizi!"

Watu waliokusanyika waliangua kicheko.

"Shuka, mzee," Nasri alisema. "Shika elfu hamsini."

Kicheko kilififia.

"Mfiwa gani wewe? Hucheki, hubishani, unanihonga. Nionyeshe uso wa mtani wangu."

"Ameharibika."

"Mbona hanuki?"

Anselm aliinyanyua sanamu kwa magoti hadi mikononi. Nje kulikuwa na pingu na miaka ya gereza. Ndani kulikuwa na kaburi lililokwisha kuchimbwa. Aligonga ubao kwa kichwa cha mtemi.

"Uwiii! Mume wangu!" Bernadeta alipasua anga.

Aligonga tena. Kilio kikapanda tena, kikaumeza mlio wa pigo lake.

"Mwacheni mjane alie," mwanamke mmoja alisema.

Kifua cha Anselm kiliungua. Mikono ilikuwa imeanza kufa ganzi. Nguvu ilimbakia ya pigo moja. Hakupiga kelele. Aliita kama alivyozoea kumwita usiku, vichwa vyao juu ya mto mmoja.

"Berna."

Akagonga.

"Lia," Nasri alifoka kwa chini. "Lia, mwanamke!"

Bernadeta alifumba mdomo.

Barabara nzima ilinyamaza, na katika ukimya ule kila mtu akaisikia sanamu ikiteleza juu ya mbao, na kucha za mtu zikikwangua. Miguu ya Nasri iliruka kutoka garini, ikakimbia kuelekea porini.

Selemani hakukimbia. Aliinuka taratibu kutoka kifunikoni, sauti yake imeishiwa utani.

"Nani ana bisibisi?"