Aliyepanda Ngazi ya Lango la Tatu

Baba mdogo alikuwa fundi seremala, na alipostaafu hakutaka kulala chali nyumbani akihesabu mabati. Alinunua boti kuukuu, akaijengea chumba kidogo kwa mkono wake: kitanda, meza ya kukunja, pembe ya jiko. Mkewe, mama mdogo, naye alikuwa ametoka kustaafu ualimu. Baba mdogo akamwambia wataupanda mto na mifereji yake mwezi mzima, bila haraka. Mama mdogo akamwuliza alijifunza lini kuogelea. Akajibiwa kwamba boti ndiyo itakayoogelea.

Ninayosimulia aliniambia mama mdogo mwenyewe wiki ya msiba, katika chumba cha nyuma hapa kwetu, mlango ukiwa wazi kwa sababu hataki ufungwe.

Njiani kuna malango ya maji. Kila lango ni kama chumba cha zege: boti inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanajazwa mpaka boti inyanyuke, kisha wa mbele unafunguliwa. Siku ya nne, kwenye lango la tatu, baba mdogo aliteleza akivuta kamba, akatumbukia. Mama mdogo akaita, mlinzi wa lango akaja mbio. Kabla hajafika, baba mdogo akaibuka upande wa pili, akapanda ngazi ya chuma taratibu, akaketi. Alikawia kidogo tu huko chini. Akabadili nguo, wakacheka, safari ikaendelea.

Tangu hapo alikuwa mkimya. Chakula alikichokoa tu, akisema tumbo limejaa. Mama mdogo akadhani ni aibu ya kuanguka mbele ya watu.

Watu wa boti wana ujirani wao. Wanapungiana mikono, wanashikiana kamba, wanaazimana chumvi bila kuulizana majina. Wiki ya tatu, mchana wa jua kali, walifunga boti yao kando ya boti ya kijani yenye mume na mke, wazee kuwazidi kidogo. Yule mama akawakaribisha chai. Wanaume wakapewa vikombe vyao wakakaa kwenye nyasi za ukingoni, wanawake wakabaki ndani. Yule mama alikuwa mcheshi, akieleza ni gati gani lina maji safi na lipi lina mbu wanaoweza kukubeba na shuka. Halafu akachungulia dirishani, akapunguza sauti.

"Wa kwako aliwahi kuanguka majini?"

Mama mdogo akamsimulia mkasa wa lango la tatu, akicheka. Mwenzake hakucheka.

"Wa kwangu nilimzika mwaka juzi," akanong'ona. "Walimtoa chini ya lango. Huyu alikuwa ameshapanda ngazi."

Mama mdogo akatazama nje. Wanaume wale wawili walikuwa wameketi wakitazamana. Hawakuongea. Vikombe vilikuwa vimejaa vilevile. Nzi walizunguka juu ya mkate, lakini juu yao hakutua hata mmoja.

Akamwuliza yule mama kwa nini hakukimbia.

"Nilikimbia mara mbili. Zote nilirudi kwa miguu yangu."

Asubuhi iliyofuata, boti ikiwa katikati ya mto, baba yangu alimpigia simu mama mdogo. Alimwomba aketi kwanza. Polisi walikuwa wamempigia: mafundi waliokuja kukarabati lango la tatu walikuta mwili wa mtu umenasa chini ya mlango. Umekaa majini kama wiki mbili. Mfukoni una kitambulisho cha baba mdogo.

Mama mdogo alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mtu aliyeshika usukani. Mgongo ule aliujua kwa miaka thelathini na minne. Alijua hata mshono wa shati.

"Nani?" mtu yule akauliza, bila kugeuka.

"Wamekosea namba."

Boti ilipofika gatini akasema anashuka kununua mkate. Alitembea. Hakukimbia. Hakugeuka. Alipanda basi la kwanza lililosimama, na alipofika kwetu miguu yake ilikuwa peku, hajui viatu viliachwa wapi.

Tulimzika baba mdogo Alhamisi. Jeneza halikufunguliwa.

Boti haikuonekana tena pale gatini. Baada ya msiba baba alifuata mto, lango hadi lango, akiuliza. Kwenye lango la kumi na moja mlinzi alimfungulia daftari, maana kila boti inayopita huandikwa, na msafiri mmoja husaini. Boti ya baba mdogo ilikuwa imepita Ijumaa, siku moja baada ya mazishi. Mlinzi aliwakumbuka vizuri. Mume na mke, alisema, watu wapole sana, na mke ndiye aliyeshuka kuandika.

Idadi ya watu: wawili.

Baba aliupiga picha ukurasa ule. Ijumaa hiyo mama mdogo alikuwa hapa kwetu, amelala mkeka mmoja na mama yangu, watu wa msiba wakiingia na kutoka. Nilimpelekea picha. Tarehe ilikuwa na saba iliyokatwa katikati. Saini ilikuwa na mkia mrefu unaopinda kurudi nyuma.

Aliitazama mpaka mwanga wa simu ukazimika.

"Huo ni mwandiko wangu," akasema.